Kidole cha Shahada

Treni imechelewa saa nane
na mkuu wa stesheni ameshaacha kutudanganya.
Makambako, Julai. Upepo unaingia kwa mlango wa mashariki,
unatukagua uso mmoja mmoja, unatoka.
Tumejikunyata kwenye mabenchi, blanketi kichwani,
kama magunia ya viazi yaliyofungwa vibaya.

Mimi ni mchora ramani za viwanja.
Miaka ishirini na miwili nimechora
kigingi hadi kigingi, mfereji, njia ya ng'ombe,
mti wa mpaka maadamu umesimama;
ukikatwa, naufuta.
Kisichokuwepo sikichori. Hiyo ndiyo sheria ya kazi,
na nimeipenda, maana sheria haikuulizi umelalaje.

Lakini baridi ina mambo yake.
Nikatoa penseli ili vidole visife ganzi,
nikageuza ramani ya shamba la mtu wa Wanging'ombe,
nikaanza kumchora, kwa nyuma,
yule bwana wa makamo wa benchi la pili.

Nilianza na kofia, kwa sababu kofia haisogei.
Kisha paji: mikunjo mitatu, wa chini umekatika
kama kontua inapofika korongoni.
Sharubu zenye vumbi la mbao
ambalo, nadhani, haliogeki tena.
Aliniona. Hakugeuka.
Alinyoosha shingo kidogo, kama mtu anayepimwa shati.

Mkono wa kulia ulikuwa juu ya goti.
Nikahesabu: vinne.
Nikachora vinne.

Akainuka, akaja kusimama begani kwangu
na harufu yake ya msonobari na moshi.
"Umenipata. Hata hili jicho vivu umelipata.
Ila kidole."
"Kidole hakipo, baba."
"Najua hakipo. Msumeno ulikichukua, Mafinga,
mwaka ule wa mvua nyingi.
Nilikizika mwenyewe chini ya mche wa parachichi,
mke wangu analia huku anacheka.
Lakini kila asubuhi nakitumia.
Nikikuna sikio, nakuna nacho.
Niwekee."

Penseli ikabaki hewani.

Kwangu Njombe, ndani ya Biblia ya mama,
ipo picha ya harusi yangu niliyoikata kwa mkasi
mwaka tuliogombania shamba la pareto:
eka moja na robo, niliipima mimi.
Nilimtoa Lutengano kwa mstari ulionyooka vizuri sana,
yeye na suti yake ya kuazima, na meno yote nje.
Lakini mkono wake ulikuwa begani kwangu.
Kuukata ningejikata.
Ukabaki pale, umeng'ang'ania koti,
mkono usiotoka kwa mtu.
Wageni huuliza, "Nani huyu aliyekushika?"
Huwajibu kwamba picha iliharibika.

Nikachora kidole cha shahada.
Urefu nilikadiria kwa jirani zake.
Nikakipa ukucha, nikakipa pingili,
nikakipa kovu dogo la mshazari,
na kovu hilo sijui lilitoka wapi.

Najua.
Tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe.
Panga nilishika mimi.

Yule bwana akakitazama muda mrefu.
"Kovu sikuwa nalo," akasema.
Kisha: "Liache. Kimekaa sana ardhini."
Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani,
pamoja na mpaka wa watu ulioko upande wa pili.
Mtu wa Wanging'ombe nitampimia upya.

Jina lake sikumuuliza.
Treni ilipopiga honi kule bondeni
watu wakavaana na mizigo yao,
na mimi nilikuwa kwa mama wa chai,
nimeazima simu yenye chaji,
najaribu kuikumbuka namba
ambayo zamani vidole vyangu
viliijua bila mimi.